Kisomaji cha Pili: Historia ya Kifaa cha Kusomea Vitabu na Gharama ya Kukibadilisha

Kisomaji ni kifaa chenye ukubwa wa daftari dogo, kilichoundwa kwa kazi moja: kubeba vitabu vya kielektroniki na kuvionyesha ukurasa baada ya ukurasa. Kinatofautiana na simu na tableti hasa kwenye kioo chake. Kioo cha simu humulika kutoka ndani kuelekea machoni, ilhali kioo cha kisomaji cha leo husomeka kwa mwanga unaokiangukia juu, kama karatasi inavyosomeka juani au kando ya taa. Mwaka 1998 kisomaji kiliuzwa Marekani kwa dola 499. Mwaka 2011 kilipatikana kwa dola 79. Kushuka huko kwa bei kuliwafungulia mlango wasomaji wengi waliokuwa wakikiona kifaa hiki kama anasa.

Hata hivyo, kisomaji hakidumu kama kitabu. Kioo hupasuka, betri huchoka, na duka lililokiuza huweza kufungwa au kuacha kukihudumia. Wakati huo mwenye kifaa hutafuta kingine cha bei nafuu, na hapo ndipo anapogundua kwamba bei iliyoandikwa kwenye boksi ni sehemu tu ya gharama. Vitabu alivyonunua miaka iliyopita huenda vikahamia kwenye kifaa kipya, na huenda visihame. Historia ya kisomaji ina nyuzi tatu zinazokwenda pamoja: jinsi kioo chake kilivyobuniwa, jinsi bei ilivyoshuka, na jinsi vitabu vyake vilivyofungwa kwa kufuli za kidijitali. Anayebadilisha kisomaji hurithi zote tatu.

Kitabu kabla ya kifaa

Kitabu cha kielektroniki kilikitangulia kifaa chake kwa miaka mingi. Tarehe 4 Julai 1971, Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois aliyekuwa amepewa nafasi ya kutumia kompyuta kubwa ya chuo hicho, aliketi akachapa Tamko la Uhuru la Marekani na kulitoa kwa yeyote aliyetaka kulichukua. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Project Gutenberg, maktaba ya bure ya vitabu ambavyo muda wa hakimiliki yake umekwisha. Hart alishikilia kwamba maandishi yahifadhiwe kwa herufi za kawaida kabisa, ambazo kompyuta ya aina yoyote ingeweza kuzisoma. Kompyuta aliyoitumia siku hiyo imekwishatoka kazini zamani, lakini maandishi aliyoyachapa yangali yanafunguka. Uamuzi wake wa siku ya kwanza ulikwishalijibu swali ambalo wenye visomaji wangekuja kuliuliza miaka arobaini baadaye.

Katika muongo huohuo, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, kilikuwa na watu wawili waliokuwa wakiwaza mambo yaliyokaribiana. Alan Kay aliandika mwaka 1972 juu ya Dynabook, kompyuta ya kuwazia yenye umbo la daftari, ambayo mtoto angeibeba na kusomea popote. Nick Sheridon naye alikuwa akitafuta kioo kisichohitaji kuwaka. Alitengeneza utando uliojaa vijipira vidogo sana, kila kimoja kikiwa na upande mmoja mweupe na mwingine mweusi, vilivyogeuka kwa nguvu ya umeme na kubaki vilivyo hata umeme ulipokatwa. Aliuita Gyricon. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kwa wazo la karatasi ya kielektroniki kuwekwa kwenye kitu kinachoshikika, lakini Xerox haikuufanya kuwa bidhaa ya wasomaji.

Wajapani walikwenda njia nyingine. Mwaka 1990 Sony ilitoa Data Discman, kifaa cha mkononi kilichosoma maandishi kutoka kwenye diski za sentimita 8. Kilifaa zaidi kwa kamusi na ensaiklopidia kuliko kwa riwaya, kwa sababu kioo chake kilikuwa kidogo. Mwaka 1998 ndipo vilipotokea Marekani vifaa viwili vilivyokusudiwa kusomea kitabu kizima: SoftBook na Rocket eBook. Hicho cha pili kilitengenezwa na NuvoMedia, kampuni ya Martin Eberhard na Marc Tarpenning, ambao mwaka 2003 walianzisha kampuni ya magari ya umeme ya Tesla. Kilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 600, kilibeba takribani vitabu kumi, na kilijazwa vitabu kwa kuunganishwa na kompyuta.

Kioo chake kilikuwa cha aina iliyotumika kwenye kompyuta za mapajani, kinachotumia umeme muda wote kinapowaka. Kasoro ya pili ilikuwa kubwa zaidi: kitabu kilichonunuliwa kilifungwa kwa kifaa kimoja tu. Mwaka 2000 kampuni ya Gemstar ilizinunua NuvoMedia na SoftBook, na mwaka 2003 ikaachana na biashara hiyo. Wateja wa visomaji hivyo ndio waliokuwa wa kwanza kuona rafu nzima ya vitabu ikizeeka pamoja na mashine moja.

Wino unaotembea

Kilichokiokoa kisomaji kilitoka maabara nyingine. Katika Media Lab ya chuo cha MIT, mwanafizikia Joseph Jacobson na wanafunzi wake wawili, Barrett Comiskey na J. D. Albert, walirudi kwenye wazo la karatasi ya kielektroniki kwa njia yao. Mwaka 1997 ilianzishwa kampuni ya E Ink ili kuuingiza ugunduzi huo sokoni, na mwaka uliofuata kazi yao ikachapishwa katika jarida la kisayansi la Nature.

Ukikitazama kioo cha kisomaji kwa hadubini, hukuti taa. Unakuta mamilioni ya vibofu vidogo, kila kimoja kikiwa na upana unaokaribia unene wa unywele. Ndani ya kila kibofu mna kimiminika kisicho na rangi, na humo zinaelea chembe nyeupe za titani dioksidi, ileile inayoipa rangi ya ukutani weupe wake, pamoja na chembe nyeusi za kaboni. Chembe nyeupe zina chaji ya umeme ya aina moja, nyeusi zina chaji ya kinyume. Umeme wa upande mmoja ukipita, nyeupe hupanda juu na nyeusi huzama, na sehemu hiyo ya kioo huonekana nyeupe. Umeme ukigeuzwa, nyeusi hupanda. Herufi “a” kwenye ukurasa si chochote ila kundi la vibofu ambamo chembe nyeusi zimekaa juu.

Chembe zikishapanda, hubaki palepale bila kuhitaji umeme zaidi. Ndiyo maana kisomaji hukaa wiki kadhaa bila kuchajiwa: hutumia umeme kidogo sana msomaji anapokuwa ndani ya ukurasa, na hutumia zaidi anapoufungua mwingine. Ndiyo maana pia ukurasa wa mwisho huendelea kuonekana hata betri ikiisha kabisa. Kioo hicho kina ila zake. Chembe hutembea polepole, hivyo hakifai kwa video. Mara kwa mara huacha kivuli hafifu cha ukurasa uliotangulia, na kifaa hulazimika kupepesa, cheusi kisha cheupe, ili kuusafisha uso wake.

Chini ya vibofu hivyo kuna tabaka jingine ambalo msomaji halioni kamwe. Ni karatasi ya kioo halisi, nyembamba mno, iliyotandazwa transista zinazoamua kila nukta iwe nyeusi au nyeupe. Tabaka hilo ndilo sehemu dhaifu kuliko zote. Kisomaji kikikaliwa kwenye kiti au kikibanwa na kitu kigumu ndani ya mkoba, kioo hicho cha ndani hupasuka huku uso wa juu ukibaki laini, bila mkwaruzo. Mwenye nacho hukiwasha akakuta nusu ya ukurasa imeganda, mistari ikishuka kutoka juu hadi chini, na doa jeusi pembeni palipobanwa. Visomaji vingi vilivyotafutiwa mbadala vilikufa kwa namna hiyo.

Kisomaji cha kwanza cha wino wa kielektroniki kilichouzwa madukani kilikuwa Librié cha Sony, kilichotoka Japani mwezi Aprili 2004 baada ya Sony kushirikiana na E Ink, Philips na Toppan. Kioo chake kilikuwa cha inchi 6, kipimo ambacho kimeendelea kuwa cha kawaida tangu hapo. Wasomaji walikisifu kwa uwazi wa maandishi yake, lakini vitabu vyake vilikuwa vya kukodi, vikijifunga baada ya siku 60. Mwaka 2006 Sony iliingia Marekani na kisomaji kingine, PRS-500, kwa takribani dola 350, safari hii kikiwa na vitabu visivyo na ukomo wa siku.

Miaka minne ya kushuka kwa bei

Tarehe 19 Novemba 2007 Amazon ilitoa kisomaji chake cha kwanza, Kindle, kwa dola 399. Shehena ya kwanza iliisha kwa saa tano na nusu. Jipya lake halikuwa kioo, kwani kioo kilitoka E Ink kama vile vya Sony, bali namna ya kupata kitabu. Ndani ya kifaa mlikuwa na mawasiliano ya mtandao wa simu yaliyolipiwa na Amazon, hivyo mnunuzi aliweza kupata kitabu kwa muda wa dakika moja hivi bila kompyuta na bila ada ya mwezi. Kindle hiyo ilikuwa na kifuniko cha nyuma kilichofunguka kwa mkono. Chini yake palikuwa na betri ya kubadilisha na nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Toleo la pili, la Februari 2009, lilikuwa jembamba zaidi na bei yake ilikuwa dola 359, lakini kifuniko hicho kilikuwa kimeondoka. Betri ilifungiwa ndani na kadi ikaondolewa. Baadaye vifaa vya kampuni karibu zote vilifungiwa betri ndani vivyo hivyo.

Washindani walifika haraka. Barnes & Noble, kampuni kubwa ya maduka ya vitabu ya Marekani, ilitoa Nook mwishoni mwa 2009 kwa dola 259. Kobo, kampuni ya Toronto, Kanada, ilitoa chake mwaka 2010 kwa dola 149 tu. Tarehe 21 Juni 2010 Barnes & Noble iliishusha Nook hadi dola 199, na siku hiyohiyo Amazon ikaishusha Kindle hadi 189. Agosti mwaka huo ikatoka Kindle ya dola 139 inayotumia Wi-Fi. Mwezi Septemba 2011 Amazon ilitangaza Kindle ya dola 79 kwa mnunuzi aliyekubali matangazo ya biashara yaonekane kwenye kioo kifaa kinapolala, na dola 109 kwa asiyeyataka. Mwaka 2012 hiyo ya matangazo ikashuka hadi 69.

Sababu za anguko hilo zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kiwandani. Mwaka 2009 kampuni ya Taiwan iitwayo Prime View International iliinunua E Ink, na utengenezaji wa wino ukawa chini ya mwenye kiwanda cha vioo. Baadaye kampuni yote ikachukua jina la E Ink. Ya pili ilikuwa ushindani wa wauzaji. Ya tatu ndiyo iliyomgusa zaidi mnunuzi wa baadaye: wauzaji hawakutegemea tena kupata faida kwenye kifaa. Mwaka 2012 mkuu wa Amazon, Jeff Bezos, alisema hadharani kwamba vifaa vyao vya Kindle viliuzwa kwa gharama ya kuvitengeneza, bila faida. Faida ilitarajiwa kwenye vitabu. Kisomaji cha bei nafuu kilikuwa mlango wa duka, na muuzaji alikuwa na kila sababu ya kutaka mteja asipite mlango mwingine.

Baada ya hapo bei iliacha kushuka, na vifaa vikaendelea kuboreshwa. Mwaka 2012 taa ndogo za pembeni zinazomwaga mwanga juu ya kioo zilienea kupitia Nook na Kindle Paperwhite, na kusoma usiku kukawa rahisi. Wino wenyewe ulipata weusi zaidi kwa toleo la Pearl mwaka 2010 na lile la Carta mwaka 2013. Visomaji vya rangi vilianza kuonekana kwa wingi kuanzia 2020. Mwaka 2024 Kindle ya bei ya chini kabisa iliuzwa dola 109.99 Marekani, na Kobo Clara BW dola 129.99. Ni zaidi ya dola 69 za 2012, lakini kifaa cha sasa kina taa, nukta 300 kwa inchi badala ya 167, na nafasi kubwa zaidi ya vitabu.

Ghana na Kilgoris: somo la vioo vilivyopasuka

Udhaifu wa kioo ulionekana kwa macho wakati visomaji vilipotoka sebuleni na kuingia darasani. Mwaka 2010 David Risher, aliyewahi kuwa ofisa wa Amazon, na Colin McElwee walianzisha Worldreader, shirika lililopeleka visomaji kwenye shule zisizo na maktaba. Lilianzia Ghana, kisha likafika Kilgoris, katika nchi ya Wamaasai kusini-magharibi mwa Kenya. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Shule ambayo darasa zima liligombania vitabu vichache vya kiada ingeweza kumpa kila mtoto vitabu mia moja ndani ya kifaa kimoja, vikiwemo vya waandishi na wachapishaji wa Kiafrika ambavyo shirika hilo liliwasaidia kuviweka katika muundo wa kidijitali.

Watoto walisoma. Lakini tathmini ya mradi wa Ghana, iliyofanywa baada ya mwaka wa kwanza wa majaribio, ilikuta kwamba takribani visomaji vinne kati ya kila kumi vilikuwa vimeharibika, na vioo ndivyo vilivyoongoza. Kifaa kilichobuniwa kwa mtu mzima anayesomea kitandani kilikuwa sasa kinabebwa na mtoto kwenye mkoba, pamoja na daftari na mengine yote, kilomita kadhaa kwenda na kurudi. Kwa shule, gharama halisi ya mradi haikuwa bei ya kisomaji kimoja. Ilikuwa bei hiyo pamoja na ya vile vitakavyohitajika kuziba mapengo. Worldreader iliendelea na visomaji mashuleni na katika maktaba, zikiwemo za Huduma za Maktaba za Taifa nchini Kenya. Sambamba na hayo, kuanzia 2012 ilipeleka vitabu kwenye simu za kawaida, ambazo familia nyingi tayari zilikuwa nazo na ambazo fundi wa mtaani angeweza kuzitengeneza.

Tofauti hiyo ya fundi ina uzito mkubwa Afrika Mashariki. Kioo cha simu maarufu kikipasuka Kariakoo jijini Dar es Salaam au barabara ya Luthuli mjini Nairobi, kipuri hupatikana jirani. Kioo cha kisomaji ni nadra kupatikana, na mara nyingi bei yake hukaribia nusu au zaidi ya bei ya kifaa kizima. Dhamana ya mtengenezaji, pale inapokuwepo, humtaka mwenye kifaa akisafirishe ng’ambo. Hivyo kisomaji kilichopasuka hubadilishwa chote, na bei ya Marekani huongezewa nauli ya mzigo na ushuru kabla ya kumfikia msomaji.

Kufuli za vitabu

Uzi wa tatu ndio uliotatiza zaidi wenye kubadilisha visomaji. Tangu mwanzo kulikuwa na miundo mingi ya faili. Mwaka 2007 umoja wa kimataifa wa wachapishaji wa kidijitali uliidhinisha EPUB, muundo ulio wazi kwa mtengenezaji yeyote, na Sony, Kobo, Nook na PocketBook, iliyoanzishwa Ukraine, wakaufuata. Amazon ilitumia muundo uliotokana na Mobipocket, kampuni ya Kifaransa ambayo Amazon iliinunua mwaka 2005. Juu ya muundo wa faili iliwekwa kufuli: programu inayozuia kitabu kisifunguliwe pasipo akaunti ya mnunuzi. Vitabu vya Kindle vilikuwa na kufuli ya Amazon, na vile vya EPUB vilivyouzwa na wengi vilikuwa na ya Adobe. Matokeo yake ni kwamba aliyenunua vitabu mia kwa ajili ya Kindle hakuweza kuvipeleka kwenye Kobo ya bei nafuu zaidi, na aliyejaza Kobo hakuweza kuvipeleka kwenye Kindle.

Matukio kadhaa yaliwafundisha wasomaji maana ya kufuli hizo. Mwezi Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali, kutoka kwenye vifaa vya wateja, nakala za riwaya za George Orwell, 1984 na Animal Farm, baada ya kubainika kwamba aliyeziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza. Fedha zilirudishwa na Bezos akaomba radhi, lakini wateja walikuwa wamekwishaona kwamba kitabu kilicho mikononi mwao kingeweza kutoweka wakiwa usingizini. Sony ilifunga duka lake la Amerika ya Kaskazini mwaka 2014 na kuwahamishia wateja Kobo. Mwaka 2016 Nook ilijitoa Uingereza na kuwakabidhi wateja wake kwa kampuni ya maduka ya Sainsbury’s. Sainsbury’s nayo ikaacha biashara hiyo mwaka huohuo, na wateja wakapelekwa Kobo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Ilirudisha fedha, lakini vitabu viliacha kufunguka. Mwaka 2023 Amazon ilifunga duka la Kindle nchini China na kuwapa wateja mwaka mmoja wa kupakua walichonunua.

Upinzani ulikuja kwa njia za amani. Mwaka 2006 Kovid Goyal, aliyekuwa amenunua PRS-500 ya Sony na kukuta haifanyi kazi na mfumo wa Linux, aliandika programu ya bure iliyokuja kuitwa calibre. Programu hiyo hupanga vitabu kwenye kompyuta, huvigeuza kutoka muundo mmoja hadi mwingine na kuvipeleka kwenye karibu kila kisomaji. Kwa kitabu kisicho na kufuli, ilimaliza kabisa tatizo la kuhama. Mwaka 2012 Tor, mchapishaji mashuhuri wa riwaya za sayansi na njozi, aliamua kuuza vitabu vyake bila kufuli. Mwaka 2013 maduka kadhaa ya vitabu ya Ujerumani yaliungana na Deutsche Telekom kutoa Tolino kwa euro 99, kifaa kimoja cha EPUB kilichouzwa na maduka yanayoshindana. Amazon yenyewe ilianza mwaka 2022 kupokea faili za EPUB ambazo mtumiaji anazituma kwenye Kindle yake. Lakini Februari 2025 iliondoa uwezo wa kupakua vitabu vilivyonunuliwa kwenye kompyuta ili kuvihamisha kwa waya, njia ambayo wengi waliitumia kuweka akiba.

Sheria nayo ilianza kuyataja mambo kwa majina yake. Kuanzia Januari 2025 jimbo la California linamtaka anayeuza bidhaa ya kidijitali amweleze mnunuzi wazi pale ambapo anachokipata ni leseni ya kutumia, na si umiliki.

Kurefusha umri wa kifaa

Miaka ya karibuni imeanza kurudisha kile kilichoondoka pamoja na kifuniko cha nyuma cha Kindle ya kwanza. Mwaka 2024 Kobo ilishirikiana na iFixit, kampuni inayouza vipuri na kufundisha ukarabati, ili visomaji vyake vipya vipatiwe vipuri na maelekezo ya kuvitengeneza nyumbani. Umoja wa Ulaya ulivijumuisha visomaji katika sheria ya chaji ya aina moja ya USB-C, iliyoanza kazi mwishoni mwa Desemba 2024. Kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inataka betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na kubadilishwa na mwenye kifaa kuanzia Februari 2027. Baadhi ya watengenezaji wametumia tabaka la transista la plastiki badala ya kioo, ambalo halivunjiki kwa urahisi, ingawa hadi sasa limekaa zaidi kwenye vifaa vikubwa na vya gharama. Programu huria kama KOReader nazo zimevipa visomaji vya zamani uwezo wa kusoma miundo ambayo watengenezaji wake hawakuiweka.

Kuna pia soko la mitumba na la vifaa vilivyokarabatiwa, ambako kisomaji cha pili hupatikana kwa bei ndogo zaidi. Historia iliyoelezwa inaonyesha mambo ya kukaguliwa humo. La kwanza ni kioo: kifaa kinapaswa kuwashwa na kurasa kadhaa kugeuzwa mbele ya mnunuzi, kwa kuwa uso usio na mkwaruzo hauthibitishi uzima wa ndani. La pili ni akaunti, kwani kisomaji ambacho mmiliki wa zamani hakukitoa kwenye akaunti yake huenda kikakataa kusajiliwa kwa jina jipya. La tatu ni umri. Kindle za miaka ya mwanzo zilihitaji kusasishwa programu kabla ya Machi 2016 ili ziendelee kuunganishwa na huduma zake, na baadhi zimekwisha kupoteza duka kabisa. Hizo hufaa tu kwa vitabu vinavyoingizwa kwa waya. La nne ni betri, ambayo hupungua nguvu hata kifaa kikikaa kabatini.

La mwisho, na lenye uzito kuliko yote, ni mahali vitabu vilipo. Msomaji mwenye vitabu vingi vya Kindle vilivyofungwa hupata unafuu kwa kununua Kindle nyingine, hata kama kifaa cha kampuni nyingine kina bei ndogo, kwa sababu kununua upya vitabu hivyo kungemeza akiba yote. Aliyenunua kwingine, au anayeazima kutoka maktaba za Ulaya, hupata nafasi pana zaidi kwenye vifaa vya EPUB.

Msomaji wa Kiswahili ana hali yake. Herufi za Kiswahili hazina alama za juu wala za chini, hivyo zilisomeka vizuri hata kwenye visomaji vya kwanza kabisa. Ila vitabu vingi vya lugha hii vingali vinauzwa kwa karatasi, na maandishi mengi ya kidijitali yanayosambaa ni ya PDF, ambayo ukurasa wake haujipangi upya kwa urahisi. Kwenye kioo cha inchi 6 herufi zake huwa ndogo mno, na anayesoma zaidi PDF hufaidika na kioo cha inchi 8 au 10. Vilivyo katika EPUB bila kufuli hukaa vyema kwenye kisomaji kidogo chochote. Hivyo pia ndivyo vinavyoweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, vikasubiri kifaa kitakachofuata kioo cha sasa kitakapopasuka.